Upinde wa matabaka ukibanduka, usiilaumu gundi kabla hujatazama uso

Mtu akiniletea upinde uliobanduka, mara nyingi huwa ameshatoa hukumu: gundi ilikuwa mbovu. Ameshalitaja duka, ameshalilaani kopo, na pengine mfukoni ana gundi nyingine ya bei kubwa anayotaka niijaribu. Simjibu kwanza. Nachukua patasi pana, naichomeka kwenye ufa, namalizia kuubandua ule mkono wa upinde (mikono ni zile nusu mbili, kila moja kutoka mshiko hadi nchani) mbele ya macho yake, kisha naziweka nyuso mbili zilizoachana kwenye mwanga wa dirisha. Sababu iko pale, na mara chache sana ni gundi.

Mimi ni seremala hapa Tanga: milango, vitanda, makabati. Pinde nazitengeneza jioni, za kulenga shabaha tu. Kuwinda bila leseni ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2009, na majirani zetu Wakenya walifunga uwindaji tangu 1977, kwa hiyo mtu asinijie na habari za swala. Upinde ninaouzungumzia hapa ni wa matabaka matatu: mgongoni mwanzi wa milimita 3 au 4, katikati mninga wa milimita 3, tumboni mkongo unaoanza na milimita 6 karibu na mshiko na kupungua kuelekea nchani. Urefu sentimita 170, upana milimita 35 pale mikono inapoanzia. Mgongo ni upande unaoitazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe unayevuta. Nalisema mapema kwa sababu wengi huvigeuza, na ukivigeuza maelezo yote yanayofuata yatakupoteza.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawana shida hii. Uta wao ni mti mmoja, haubanduki kwa sababu hakuna kilichobandikwa. Sisi tunaounganisha mbao tatu tunapata upinde unaoanza ukiwa umepinda kinyume, wenye kasi zaidi, na matatizo yake yote ya gundi tunayapata humo humo.

Uso uliobanduka unasemaje

Ukiona nyuzi za mbao zimechanika na kubaki zimeng'ang'ania upande wa pili, gundi haina kosa. Imeshika kuliko mbao yenyewe. Hapo tafuta mbao ambayo nyuzi zake zinakatiza kuelekea pembeni badala ya kwenda na urefu, au mahali ambapo mkono ulikuwa unajikunja sehemu moja tu huku sehemu nyingine zimekakamaa. Ukibadilisha gundi utaubandua tena mwezi ujao.

Ukiona gundi yote imebaki upande mmoja, laini na inang'aa, na upande wa pili ni mbao tupu, mwenye kosa ni ule upande mtupu. Gundi iliugusa, haikuushika. Kuna mafuta ya asili, kuna vumbi, kuna jasho la kiganja, au kisu cha randa kilikuwa butu kikaisugua mbao badala ya kuikata. Kwenye karakana yangu mtuhumiwa wa kwanza huwa ni mkongo. Kama mtu ametumia mtiki wa Longuza, basi sihitaji hata kuuliza.

Ukiona gundi iko pande zote mbili, kila upande na ngozi yake, na alama za brashi bado zinaonekana, basi nyuso hizo hazikukutana kabisa. Hapa kuna sababu mbili na ni muhimu uzitenganishe. Kama alama hizo ziko kipande kifupi tu, tuseme sentimita 5 jirani na mshiko, palikuwa na nafasi: mbao hazikukaa sawa au klampu ziliachana mno. Kama ziko mkono mzima, hasa ule uliopakwa kwanza, gundi ilianza kukauka kabla hujafunga. Ulikuwa unatafuta klampu ya mwisho wakati saa inakwenda.

Ukiona hakuna gundi, kuna doa tu la unyevu lililoingia mbao, kiungo kilikaushwa. Ulikaza hadi ukaikamua yote ikatoka, au ulipaka upande mmoja tu na mninga ukanywa sehemu yake.

Gundi inayobonyea kwa ukucha siku ya tatu ni ya epoksi iliyochanganywa vibaya. Ikiwa ni laini madoadoa na kwingine ngumu, vipimo vilikuwa sawa ila hukukoroga vya kutosha, hasa ile inayobaki kwenye pembe za kopo. Ikiwa ni laini kote, ama ulikosea vipimo au kulikuwa na baridi mno.

Ipo na ya sita ambayo huku pwani siioni, lakini wenzetu wa Lushoto, Njombe na Makete wanaijua: gundi nyeupe ya mbao ikikaukia kwenye baridi hubaki kama chokaa, unaikwangua kwa kidole inatoka unga. Kila gundi ya aina hiyo ina joto la chini kabisa linaloruhusiwa. Titebond III, kwa mfano, mwisho wake ni nyuzi joto 8, na nyingine huchoka mapema zaidi. Juni usiku huko milimani usibane nje ya nyumba.

Si lazima ungoje upinde ubanduke ndipo ujue. Gonga mkono wote kwa sarafu, kidogo kidogo. Mahali palipoungana hutoa mlio mkavu, mfupi. Mahali penye utupu mlio hubadilika, unakuwa wa chini na wa kupwaya. Kisha jaribu kuchomeka ncha ya karatasi ya risiti pembeni, kwenye mstari wa gundi. Ikiingia hata milimita mbili, weka alama ya penseli na usivute upinde huo kabla hujasoma hadi mwisho.

Maji yaliyomo ndani ya mbao

Hapa ndipo watu wa pwani tunaposhindwa, na ndipo nitakapokaa zaidi. Mbao haikauki ikaisha. Hunywa na kutoa maji kufuata hewa iliyoizunguka. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, mbao iliyokaa muda mrefu hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa asilimia 65, mbao hutulia karibu na 12. Hewa ikiwa asilimia 50, karibu na 9. Upinde unataka 8 hadi 10. Wakati wa masika hapa kwetu hupati mbao ya namna hiyo kwa kuiegemeza ukutani, hata ukiiegemeza mwaka mzima.

Mbao yenye maji mengi ina madhara mawili. La kwanza wengi wanalijua: upinde unakuwa mzito, mlegevu, unajikunja ukabaki umekunjika. La pili linahusu gundi. Chukua mwanzi uliotoka Lushoto wiki iliyopita, mninga uliokaa chini ya bati la karakana, na mkongo wa stoo ya mwenzako, uviunganishe leo. Kila kimoja kina maji yake. Miezi miwili baadaye vyote vinataka kulingana na hewa moja, kila kimoja kinasinyaa kwa kiasi chake, na gundi iliyo katikati ndiyo inayovutwa huku na huku. Ufa unaanzia pembeni au nchani, bila mtu kuuvuta upinde. Mwenyewe anashangaa: "Fundi, ulikuwa umening'inia tu!" Ndiyo, ulikuwa umening'inia Dodoma, kwenye hewa kavu.

Mita ya unyevu ni nzuri ukiwa nayo. Usipokuwa nayo, mizani ya jikoni ya kidijiti inatosha. Kata kipande kidogo kutoka kwenye mbao ile ile, kipime, kikaushe kwenye oveni karibu nyuzi joto 103 hadi uzito uache kupungua, kipime tena. Kilichopotea gawanya kwa uzito wa mwisho. Kipande cha gramu 40 kikibaki gramu 36, maji yalikuwa 4 kwa 36, yaani asilimia 11. Hapo unakaribia, bado kidogo.

Kukausha natumia sanduku refu la plaiwudi lenye balbu za zamani za kutoa joto, zile za wati 60, na matundu machache juu ya kupitishia hewa. Ndani napata nyuzi joto 40 hivi. Matabaka yote matatu yanakaa humo pamoja, yametenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Nayapima kila siku, na uzito ukisimama siku mbili tatu mfululizo, yako tayari. Hayatoki humo ila siku ya kubana. Na siku hiyo nabana mchana, kati ya saa nane na saa kumi, wakati hewa ni kavu kuliko saa nyingine zote. Asubuhi karakana ya pwani ni ya kupiga randa na kufagia.

Mwanzi una mambo yake. Gundi ishike upande wa ndani tu, uliosawazishwa ukawa bapa kabisa. Ngozi ya nje ina nta, na ndiyo pia yenye nguvu ya mgongo, usiiguse zaidi ya kukwangua rangi ya kijani. Kwenye vifundo, upande wa ndani huwa na kilima. Mashine ya mkanda wa msasa huyala maeneo laini kati ya vifundo na kuviacha vifundo vimeinuka, na hapo ndipo unapokuta nafasi nusu milimita kila upande wa kifundo. Malizia kwa randa ndefu ya mkono.

Uso unaoshika

Dondosha tone la maji juu ya mbao uliyopiga randa. Likitandaa na kuanza kunyonywa ndani ya dakika moja, gundi nayo itaingia. Likibaki limesimama duara, uso umefungwa, ama kwa mafuta ama kwa kisu butu. Futa maji, piga msasa namba 60 au 80 kwa urefu wa mbao, rudia. Wapo wanaopiga msasa namba 220 hadi mbao ing'ae, wakidhani ulaini ndio ufundi. Ulaini huo uweke nje, kwenye vanishi.

Mkongo, mtiki na mpingo huvifuta kwa spiriti au asetoni, kitambaa cheupe kisafi, nakigeuza hadi kiache kutoka na rangi. Kisha naacha dakika chache ikauke na napaka gundi papo hapo. Ukifuta asubuhi ukapaka jioni, mafuta yameshapanda tena kutoka ndani na kazi yako ni bure. Vumbi litoe kwa brashi. Usipulizie kompresa ya gereji, ile hewa yake hutoka na mafuta ya injini yake. Na vaa barakoa: vumbi la mpingo na la mvule huwasha ngozi na kifua.

Halafu jaribu kavu. Panga matabaka yote juu ya kalibu, yaani lile gogo lililochongwa kwa mkunjo unaoutaka, funga klampu zote bila gundi, tazama pembeni na taa upande wa pili. Mwanga ukipita, kuna nafasi. Wala usijidanganye kwamba klampu itaivuta. Itaivuta, na siku zote za uhai wa upinde ule mbao itakuwa inajitahidi kurudi ilikotoka. Jaribio hilo kavu ndilo linalokuonyesha pia kwamba klampu mbili zimekwama kutu na ya tatu ameazima jirani.

Gundi yenyewe, kwa ufupi

Gundi nyeupe au ya njano ya mbao, ya kuhimili maji, inafaa kama nyuso zinakutana bila nafasi yoyote na una klampu nyingi. Haijazi mapengo, na kwa kuwa ni ya maji, matabaka membamba huvimba kidogo; ukishafungua ngoja wiki nzima kabla ya kuanza kusawazisha mkunjo. Epoksi, ambayo wengi wetu tunaiita araldaiti hata ikiwa ya kampuni nyingine, husamehe zaidi: hujaza pengo dogo na haitaki mkazo mkubwa. Ndiyo ninayoitumia. Gundi ya njano ya kubandikia fomaika na sponji, ile ya kupaka pande zote na kungoja ikauke kwanza, iache huko huko kwenye masofa. Haigandi ikawa ngumu, matabaka yatateleza kila unapovuta. Na epoksi ya dakika tano itaganda ukiwa bado unapaka mkono wa pili.

Vipimo vya epoksi hutofautiana: nyingine moja kwa moja, nyingine tano kwa moja. Soma kifungashio uangalie kama ni kwa ujazo au kwa uzito, maana sehemu mbili hizo hazina uzito sawa. Kuongeza kigandishi ili ikauke haraka hakusaidii. Kinachozidi hakina cha kuungana nacho, kinabaki ulaini. Koroga dakika mbili tatu ukikwangua pembe na chini, kisha hamishia kwenye chombo kingine ukoroge tena. Kwa upinde huu gramu 100 zinatosha na kubaki. Vaa glavu kila mara, kwa sababu ngozi ikishaanza kuikataa epoksi haisahau.

Kubana

Muda ulioandikwa kwenye kifungashio ni wa chumba cha nyuzi joto 20 au 25. Kila joto likipanda kwa nyuzi 10, muda hupungua karibu nusu. Chini ya bati la Tanga mwezi wa Februari, nusu saa ya kifungashio ni robo saa yako. Tena epoksi iliyorundikwa kwenye kopo hujipasha yenyewe hadi itoe moshi. Imimine mara moja kwenye sinia bapa, itandae, hapo utapata nafasi ya kupumua. Paka nyuso zote mbili za kila kiungo.

Sasa mkazo. Kwa gundi nyeupe kwenye mbao ngumu, watengenezaji hutaka karibu kilo 12 hadi 17 kwa kila sentimita ya mraba. Piga hesabu: sentimita 170 kwa 3.5 ni 595, mara 12, zinapita tani 7. Ndiyo maana sitaki kusikia habari za klampu sita. Kwa gundi hiyo weka klampu kila baada ya sentimita 7 au 8, na juu ya matabaka lalisha ukanda wa plaiwudi wenye raba ili mkazo usambae. Kwa epoksi mambo ni kinyume: ukikaza kama unafunga tairi la lori unaikamua yote. Mimi huzungushia tyubu ya baiskeli iliyokatwa ukanda mrefu wa sentimita 3, naivuta kiasi na kuipishanisha, kutoka mwanzo hadi mwisho wa kalibu. Fundi wa baiskeli anakupa zilizotoboka bure. Wajapani wanaounda yumi, upinde wao mrefu wa mwanzi na mbao unaopita mita mbili, huzungushia kamba na kupigilia kabari nyingi chini yake. Ukikosa klampu na tyubu, hiyo ni njia halali na inakuruhusu kurekebisha mkunjo kabari moja moja.

Anza katikati uelekee nchani, pande zote mbili kwa zamu. Ukianza nchani utafungia hewa na gundi katikati, na pale patabaki uvimbe. Unachotafuta ni ushanga wa gundi unaotoka pembeni bila kukatika, mkono wote. Mahali ambapo ushanga haupo, ongeza gundi sasa hivi, kesho haiwezekani.

Matabaka yenye gundi huteleza, na ukiyaacha utakuta mwanzi umehama milimita nne kutoka kwenye mstari wa katikati. Dawa yake ni kuacha sentimita 3 za ziada kila ncha, kutoboa tundu la milimita 2 kupitia matabaka yote siku ya jaribio kavu, na kuchomeka kijiti cha mwanzi. Ncha hizo utazikata baadaye. Kaza kwanza kidogo kote, ngoja dakika chache gundi isambae, ndipo ukaze duru ya pili. Kalibu yenyewe ifunike kwa nailoni. Nimeona upinde mzuri ukiondolewa kwenye kalibu kwa msumeno.

Baada ya kufungua

Epoksi ya kawaida iache saa 24 kabla hujafungua, na ukiweza iingize kwenye sanduku la joto la nyuzi 40 hadi 50 kwa saa kadhaa, inaiva vizuri zaidi. Halafu pima mkunjo kinyume uliobaki.

Hapa watu hushtuka bure. Kalibu ina mkunjo wa sentimita 6, upinde umetoka na sentimita 5 na kitu, mwenyewe anasema gundi imeachia. Haijaachia. Mbao zilizopindwa pamoja lazima zirudi kidogo, na kiasi chake kinajulikana: kwa matabaka ya unene sawa, gawanya mkunjo kwa idadi ya matabaka iliyozidishwa kwa yenyewe. Mawili hupoteza robo. Matatu hupoteza moja ya tisa. Manne hupoteza moja ya kumi na sita. Kwa hiyo kalibu ya sentimita 6 na matabaka matatu hukuachia karibu 5.3. Upinde wangu unapoteza zaidi kidogo kwa sababu tabaka la tumbo ni nene kuliko mengine. Ukipoteza nusu, hapo ndipo pa kuuliza: ulifungua mapema, au mbao ilikuwa mbichi. Na kama siku ya kwanza mkunjo ulikuwa sawa lakini unaendelea kupungua wiki hadi wiki upinde ukiwa umening'inia bila uzi, gundi inatambaa, na gundi nyeupe za kawaida ndizo zenye tabia hiyo hasa zikikaa kwenye joto.

Kabla ya kubandika mshiko juu ya epoksi iliyokwisha kukauka, pitisha kidole. Huku pwani, epoksi nyingi ikikaukia kwenye hewa ya unyevu huota utando wa kuteleza juu yake. Msasa peke yake utausambaza tu. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, suuza, kausha, ndipo upige msasa.

Mkono uliotoka umejisokota si kosa la gundi. Kalibu haiko mraba, au ulikaza upande mmoja wa tabaka kuliko mwingine.

Mshiko unaong'oka

Katika yote ninayoletewa, hili ndilo linaloongoza. Kipande cha mshiko kinaruka, tak!, upinde ukivutwa mara ya kumi au ya ishirini, na uso wake ni msafi. Mtu anabandika tena kwa gundi nyingi zaidi, unaruka tena.

Sababu ni kwamba chini ya mshiko upinde bado unajikunja. Kipande kinene hakikubali kujikunja, tabaka la chini yake linakubali, na hakuna gundi ya kuwapatanisha wawili hao. Kwanza hakikisha kwamba pale mikono inapoanzia ni nene kiasi cha kutojikunja chini ya mshiko. Pili, ncha za mshiko zisiishie ghafla. Zichonge zishuke polepole kwa sentimita 5 au zaidi kila upande, zimalizikie kuwa nyembamba za kupitisha mwanga. Tatu, kati ya tumbo na mshiko weka ukanda wa mbao ya kunyumbulika wa milimita 2 au 3, mrefu kuliko mshiko kwa sentimita kadhaa kila upande, nao ncha zake zimechongwa hivyo hivyo. Ukanda huo unabeba ile tofauti.

Kutengeneza au kutupa

Ufa mfupi pembeni, chini ya sentimita 3, usiofika katikati ya upana: fungua kidogo kwa wembe, ingiza supaglu nyepesi kama maji, kandamiza, kisha zungushia uzi wa kitani uliolowa epoksi. Utaishi miaka.

Ufa mrefu zaidi nchani: pasha epoksi kidogo iwe nyepesi, ipitishe ndani kwa uzi wa kusafishia meno ukiuvuta mbele na nyuma, funga kwa tyubu, acha hadi kesho. Kama gundi ya kwanza ilikuwa nyeupe, kwangua kila unachoweza kukifikia, kwa sababu gundi nyeupe haishiki juu ya nyeupe iliyokauka na epoksi nayo huishika kwa shida.

Ufa katikati ya mkono, pale panapojikunja zaidi, hautengenezwi kwa kupenyeza kitu. Bandua tabaka lote. Epoksi nyingi za kukaukia kwenye joto la kawaida hulegea zikipata nyuzi joto 60 na kitu na kuendelea, kwa hiyo pitisha pasi juu ya kitambaa huku msaidizi akiingiza kisu chembamba nyuma yako. Piga randa nyuso zote mbili zipate mbao mpya, rudi kwenye tone la maji, anza upya. Kama mwanzi umevunjika nyuzi zake za nje, hata kidogo, tupa. Kinachobaki ni mbao za kutengenezea mishiko.

Upinde uliotengenezwa usiuvute kwa mkono siku ya kwanza. Ufunge mshiko juu ya nguzo, funga kamba kwenye uzi wake na uipitishe kwenye kapi chini, simama mita tatu pembeni, si mbele wala nyuma yake, na uvute kidogo kidogo hadi nusu ya mvuto wake. Urudishe polepole. Rudia mara ishirini hivi. Sogea, gonga kwa sarafu. Mlio ukiwa ule ule mkono mzima, ongeza sentimita 5 za mvuto na urudie hadi ufike mwisho. Ukisikia "tik" hata moja, simamisha hapo hapo uitafute ilipotoka kabla ya kuvuta tena.